Babu "amerudi" kwa mjukuu: vinasaba ndivyo vinavyokumbuka, au ni sisi tunaomkumbusha mtoto?

Kipanga wa Kalenga (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Kuna hoja imeshika kasi huku Nyanda za Juu Kusini, hasa kwa vijana waliopitia baiolojia ya kidato cha sita wakaishia hapo. Zamani mtoto akizaliwa na alama ya babu, au akipenda kukalia kigoda cha babu, wazee walisema "mzee amerudi", habari ikaisha. Siku hizi kijana anakukata kauli: "Hiyo ni DNA. Kumbukumbu za mababu zimehifadhiwa kwenye damu. Hata Wahindi wanaoamini mtu huzaliwa tena, walikuwa wanaona vinasaba bila kujua." Nimeisikia stendi ya Mafinga, nimeisikia kwenye kilabu cha ulanzi Ifunda, na majuzi nimeisikia kwa mtu aliyekuwa ameshika Biblia.

Mimi nafundisha baiolojia. Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupita apite: hoja hiyo haielezi imani ya kuzaliwa tena hata robo, na juu ya hapo inawasingizia wazee wetu jambo ambalo hawakulisema.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo hoja inapovunjika mguu. Mbegu ya baba hutoka mwilini mwake kabla mimba haijatungwa. Yai la mama limeanza kutengenezwa tangu mama mwenyewe akiwa tumboni mwa bibi. Chochote kitakachompata mzazi baada ya mimba kutungwa hakina njia ya kumfikia mtoto huyo kupitia mbegu wala yai. Sasa jiulize watoto wanaodai kukumbuka maisha ya nyuma wanakumbuka nini hasa.

Daktari wa akili Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzunguka India, Sri Lanka, Lebanon, Uturuki, Nigeria, hadi Alaska, akikusanya habari za watoto wa namna hiyo. Yeye na wenzake walifikisha zaidi ya 2,500. Na huyo hakuwa mpinzani, aliona kuna kitu pale. Kwenye makabrasha yake kifo ndicho kimetawala: zaidi ya nusu ya hao "waliorudi" walikufa kwa ajali, kwa kuuawa au kwa namna nyingine ya ghafla, na mara nyingi mtoto anasimulia jinsi alivyokufa. Kinasaba kitajuaje mtu alikufaje, wakati kiliondoka kwake miaka mingi kabla ya siku yenyewe?

Tuje nyumbani. Mkwawa, mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi. Watoto wake wote mimba zao zilitungwa kabla ya asubuhi hiyo, haiwezekani vinginevyo. Akitokea mtoto Kalenga leo akasema anaukumbuka mlio wa ile bunduki, tafuteni maelezo yoyote mnayotaka, ila vinasaba muviache.

La pili ni undugu. Wadruze wa Lebanon, jamii yenye dini yake yenyewe, wanaamini roho ikitoka kwa marehemu inaingia papo hapo kwa mtoto anayezaliwa, na mara nyingi ni mtoto wa familia nyingine kabisa, kijiji kingine, watu wasiojuana. Hakuna damu hapo. Kinasaba kimepita wapi, kimeruka ukuta?

Karibuni. Ila matusi pelekeni kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

Chai ya Mufindi

Nimevuta kigoda. Mwalimu endelea, huku baridi kali na hatuna pa kwenda.

Mjukuu wa Igawilo

Mwalimu, nakuheshimu ila umeruka kusudi jambo kubwa. Kuna utafiti wa panya wa Marekani. Panya dume walifundishwa kuogopa harufu, wakazaa, na watoto wao wakaiogopa harufu ile bila kufundishwa na mtu. Hata wajukuu! Hiyo kama si kumbukumbu ya damu ni nini? Usitufundishe baiolojia ya mwaka 1980.

Kipanga wa Kalenga

Sijauruka mkuu, nilikuwa nasubiri mtu auombe. Na ni utafiti mzuri, unastahili kusimuliwa vizuri kuliko unavyosimuliwa mitaani.

Brian Dias na Kerry Ressler wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliuchapisha mwishoni mwa 2013. Panya dume walinusishwa kemikali iitwayo asetofenoni, ambayo harufu yake watu huifananisha na maua ya cheri au lozi. Kila wakiinusa, wanapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baada ya siku chache ile harufu peke yake inatosha kumfanya panya ashtuke. Kisha wakazalishwa. Watoto na wajukuu, ambao hawakuwahi kuinusa, walishtuka kwa harufu ile zaidi kuliko kwa harufu nyingine. Sehemu ya ubongo inayoipokea harufu hiyo ilikuwa imepanuka. Na ili mtu asiseme baba aliwafundisha watoto, walichukua mbegu wakatungisha mimba maabara. Matokeo yakaja vilevile.

Sasa tulia hapo. Mjukuu wa panya alirithi nini? Alirithi pua kali. Mwili wake uliandaliwa kukinusa kitu fulani na kukishtukia. Hakurithi chumba cha maabara, wala siku yenyewe, wala mkono wa mtafiti uliobonyeza swichi. Hajui kwamba babu yake aliumia. Wewe unachodai ni mtoto kukumbuka jina la mke wake wa zamani na mahali alipofukia fedha. Kati ya hivi viwili kuna umbali mkubwa kweli.

Na tusifiche: wapo wataalamu wa takwimu waliosema matokeo yale ni mazuri kupita kiasi kwa idadi ndogo ya panya waliotumika. Njia ya habari kutoka puani hadi kwenye korodani nayo bado ni mjadala. Tuje upande wa minyoo. Kuna mnyoo wa kama milimita 1. Maabara ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilionyesha mwaka 2019 kwamba akijifunza kukwepa bakteria fulani wanaomuua, uzao wake unakwepa hadi kizazi cha nne, halafu tabia inafutika. Kizazi cha nne tu, na kwa mnyoo. Wanaosema mtu wa Misri ya Firauni amerudi Sumbawanga waliangalie hilo.

Mjukuu wa Igawilo

Sawa, ila umekubali kuna kitu kinarithiwa. Leo kipo kwa panya, kesho watakigundua kwa binadamu. Mlikataa mengi nyie walimu.

Kipanga wa Kalenga

Kinarithiwa kitu, hilo silikatai hata kidogo. Ubishi ni kitu gani.

Angalia ukubwa wa mzigo. Vinasaba vyako ni kama herufi bilioni 3 na kidogo, na herufi zenyewe ni za aina nne tu. Ukiziandika kwenye kompyuta hazijazi gigabaiti 1. Video za harusi ya dada yako zinazidi. Ndani ya hapo pamewekwa maelekezo ya ini, figo, ngozi, damu, meno, kila kitu. Kumbukumbu ya tukio inakaa kwingine: iko katika jinsi seli za ubongo, kama bilioni 86, zilivyoshikana zenyewe kwa zenyewe baada ya wewe kuishi. Hakuna anayejenga nakala ya mishikano hiyo ndani ya mbegu ya kiume.

Tena vinasaba hukatwa nusu kila kizazi. Kwa babu mmoja unapata wastani wa robo. Kizazi cha kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na wapo ambao hawajakuachia hata kipande. Huyo naye "anarudi" vipi?

Mjerumani August Weismann aliwahi kukata panya mikia, kizazi baada ya kizazi, vizazi vitano, aone kama watazaliwa vibutu. Walizaliwa na mikia yao. Na kama mnataka jaribio refu zaidi, tohara imefanyika duniani maelfu ya miaka na ngariba hajawahi kukosa kazi.

Kitonga Hakuna Kulala

😂😂 Ngariba hajawahi kukosa kazi. Mwalimu umemaliza.

Sauti ya Mwanjelwa

Bwana asifiwe. Mnazunguka mbuyu. Haya yote ni madhabahu za ukoo. Babu aliweka agano, mjukuu anabeba roho ya babu, ndiyo maana anaota mambo ya babu na magonjwa ya babu anayo. Familia yetu kisukari kimepita kwa babu, baba, kaka. Sayansi iite vinasaba, sisi tunaita minyororo. Inakatwa kwa maombi.

Kipanga wa Kalenga

Amina, dada au kaka. Kuomba omba, hakuna aliyekukataza. Ila kisukari cha babu, baba na kaka kinamaanisha wewe uko hatarini zaidi, kwa hiyo kabla au baada ya maombi kapime sukari. Hilo linarithiwa kweli: uwezekano wa kuugua. Ndoto za babu hazimo kwenye kifurushi.

Mbena wa Makambako

Mkuu mimi nina swali la maana. Babu zetu Ubena na ndugu zetu Wangoni walipitia njaa baada ya Maji Maji. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, watu wakala mizizi. Bibi yangu alikuwa hawezi kuona punje ya mahindi iko chini bila kuiokota, na mama yuko hivyohivyo, na mimi mke wangu ananicheka. Je, hiyo si njaa ya 1906 inatembea ndani yetu?

Kipanga wa Kalenga

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Njaa iliyochunguzwa kuliko zote kwa jambo hili ni ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Wajerumani walizuia chakula, zaidi ya watu 20,000 wakafa. Kwa kuwa Waholanzi waliandika kila kitu, wataalamu waliweza kuwafuatilia waliokuwa tumboni wakati ule. Walipokuwa watu wazima, hao walionekana kuwa na matatizo zaidi ya sukari, ya uzito, na ya moyo kwa wale ambao njaa iliwakuta mimba ikiwa changa. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwamba hata miongo 6 baadaye, vibandiko vya kemikali vinavyokaa juu ya vinasaba vyao, kwenye kinasaba kimoja cha ukuaji, vilitofautiana na vya ndugu zao ambao hawakuguswa. Elimu hiyo ya vibandiko ndiyo inaitwa epijenetiki, neno ambalo vijana wa kilabuni wanalipenda sana.

Na kuna jambo ambalo mimi kila nikilifundisha darasa linanyamaza. Mama mwenye mimba ya mtoto wa kike amebeba vizazi vitatu. Yeye, binti aliye tumboni, na ndani ya binti, mayai ambayo yameshaanza kutengenezwa kabla hajazaliwa. Njaa moja inawagusa wote watatu kwa siku moja. Kwa hiyo mtu ambaye bibi yake alikuwa mjamzito njaani, nusu yake ilikuwepo pale kwa namna fulani. Hilo si ushirikina, ni anatomia.

Ila tazama kinachobaki: sukari, uzito, moyo. Mwili umeandaliwa kwa dhiki. Hakuna Mholanzi aliyezaliwa akiikumbuka sura ya askari. Na ile punje ya mahindi unayoiokota, mkuu wangu, ulimwona mama yako akiiokota kila siku tangu unatambaa. Bibi alimfunza mama kwa mkono na kwa jicho kali. Hapo sihitaji maabara, nahitaji kukaa jikoni kwenu siku moja.

Mbena wa Makambako

Nimekuelewa. Na jicho la bibi lilikuwa kali kweli.

Ngozi Ziwa Kuu

Mnana anazaliwa, hajafundishwa na mtu, anajenga kiota kile kinachoning'inia kama amesomea. Kasa anatoka kwenye yai usiku anakimbilia bahari. Vipepeo wa Marekani wanaruka hadi Mexico kwenye miti ambayo hata bibi zao hawakuiona. Mwalimu hiyo nayo utaiita mafunzo ya jikoni?

Kipanga wa Kalenga

Hapana, hiyo ni silika, na ndiyo "kumbukumbu ya mababu" pekee ambayo naweza kuisimamia mbele ya ubao. Imejengwa kwa maelfu ya vizazi: waliofanya hivi waliishi, wasiofanya hawakuacha uzao. Hakuna mnana mmoja aliyejifunza kiota akakituma kwa watoto.

Hata kwa silika kuna utamu wake. Mwanasaikolojia Susan Mineka na mwenzake walichukua nyani wa aina ya resusi waliolelewa maabara, wasiowahi kuona nyoka. Hawakumwogopa. Wakaonyeshwa video ya nyani mwingine akimwogopa nyoka, wakashika woga mara moja. Kisha video ikachezewa, ionekane nyani anaogopa maua. Hawakushika. Maana yake wamezaliwa na mlango uliofunguliwa nusu upande wa nyoka, lakini mpaka mwenzao ausukume. Mtoto wa binadamu naye naamini yuko hivyo kwa mambo mengi: amekuja na utayari, nyumbani ndiko kunakojaza habari.

Mzee wa Masoko Rungwe

Ugonile mwalimu, nanyi wote.

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu. Mimi ni Mmoraviani, ila nimekulia kwa wazee wa kale, nikaona walivyotenda. Niseme jambo moja ambalo naona vijana mnalikosea.

Sisi tunapompa mtoto jina la babu, hatukumaanisha kwamba babu ameondoka kule aliko akaingia kwa mtoto kama mtu anayehama nyumba. Kwa sababu kesho yake kukiwa na jambo, tunakwenda palepale kaburini tunamwita yuleyule mzee, tunamwambia, "mjukuu wako mwenye jina lako anaumwa, mwangalie." Sasa kama yumo ndani ya mtoto, kaburini tunamwita nani? Mtoto akilia usiku na mchana tunasema analilia jina; akipewa jina akanyamaza, basi limempata. Jina ni mkono wa mzee juu ya mtoto. Linampa heshima na linampa kazi. Mwenye jina la babu hagombani hovyo na bibi, maana bibi anamwita mume.

Jambo la pili. Nyumbani kwetu kuna kijana tulimpa jina la fundi cherehani aliyetoka Malawi, akakaa na baba yangu miaka mingi hadi akafa. Hana tone la damu yetu. Yule kijana alipokua akawa mtu wa kupenda nguo zilizonyooka, kola haina kunyanzi. Kila mtu akasema, "amemchukua wajina wake." Nauliza mwalimu, damu imepita wapi?

Kipanga wa Kalenga

Shikamoo mzee wangu.

Umenifungia mjadala kwa cherehani. Kama kinachomleta marehemu kwa mtoto ni damu, basi wajina asiye na damu asingechukua kitu. Lakini anachukua, na kila ukoo unao mfano wake. Kinachopita ni jina na matarajio ya watu wanaolitamka. Ukimwita mtoto kwa jina la mtu nadhifu tangu yuko mgongoni, ukamsifu kila akijifuta uso, ukamwambia "wajina wako asingevaa hivyo", baada ya miaka 15 utapata mtu nadhifu. Vinasaba havikuitwa kwenye kikao.

Niliwahi kuona jambo hili likitengenezwa mbele ya macho yangu, Mufindi, kwa ndugu upande wa mama. Mtoto alizaliwa na baka jeusi chini ya sikio. Babu yake alikuwa mpasua mbao, akafa kwa kuangukiwa na mti. Basi bibi anapukuchua mahindi, mtoto yuko pembeni anachezea magunzi. Bibi: "Mume wangu, mti ulikuangukia wapi?" Mtoto hajui, akashika pua. Bibi akacheka: "Siyo hapo." Akashika shavu. "Karibu." Akashika baka. Vigelegele! Akapewa karanga. Jioni akaja shangazi, mtoto akaulizwa swali lilelile mbele ya mgeni. Kidole kikaenda moja kwa moja chini ya sikio. Shangazi alilia machozi, machozi ya kweli.

Pale hapakuwa na mwongo. Bibi hakujua kwamba amefundisha, mtoto hakujua kwamba amefundishwa, na shangazi aliona alichokiona. Baadaye nikamuuliza mjomba aliyemwosha marehemu. Akaniambia mti ulimpiga kifuani. Lakini leo nenda pale uulize, familia nzima itakwambia ni chini ya sikio.

Chai ya Mufindi

Mwalimu umetutoa hadharani. Kila ukoo huku una huyo mtoto.

Mjukuu wa Igawilo

Haya, tuseme bibi alifundisha bila kujua. Wale 2,500 wa Stevenson wote walifundishwa kwa karanga?

Kipanga wa Kalenga

Si kwa karanga wote, na sisemi nimemaliza kila kisa. Ila kuna mambo mawili kwenye kazi yake mwenyewe yanayoelekeza njia.

La kwanza, visa vinafuata imani ya mahali. Kwa Waigbo wa Nigeria anayerudi anarudi ndani ya ukoo. Kwa Watlingit wa Alaska, ambao ukoo wao unafuata mama, anarudi upande wa mama, na mara nyingi ametangulia kuonekana kwenye ndoto ya ndugu. Kwa Wadruze, ambao hawaamini mwanamume anaweza kurudi akiwa mwanamke, kisa cha namna hiyo hakionekani. Kwingine kinaonekana. Kama ni vinasaba vinasema, vingesema lugha moja dunia nzima, kama meno ya maziwa yanavyong'oka Lebanon na Lupembe kwa umri uleule. Watoto hawa huanza kusema kati ya miaka 2 na 5, na wengi wananyamaza wakifika 7 au 8. Huo ndio umri ambao mtoto anajifunza yeye ni nani kwa kuambiwa.

La pili, visa ambavyo maneno ya mtoto yaliandikwa kabla familia mbili hazijakutana ni vichache mno kati ya hivyo vyote. Vingine viliandikwa baada ya ndugu kukutana, kulia na kusimuliana. Na sisi watu wazima kumbukumbu zetu ni laini kuliko tunavyojiamini. Elizabeth Loftus wa Marekani alichapisha mwaka 1995 jaribio la watu 24. Waliambiwa kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani, na ndugu zao wakathibitisha kwamba kisa hicho cha kutungwa kilikuwa kinaaminika. Karibu robo yao wakakikumbuka, chote au sehemu. Hao ni watu wazima, wamekaa kitini, hakuna bibi wala vigelegele.

Kitonga Hakuna Kulala

Na lile fuvu la Mkwawa lililopelekwa Ujerumani? Si walilitambua kwa damu ya ukoo?

Kipanga wa Kalenga

Kwa umbo, si kwa damu. Gavana Twining wa Tanganyika alipofika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, alikuta mafuvu kama 2,000. Aliyachambua yale yenye vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha ndani ya hayo akachukua lenye tundu la risasi. Likarudi Kalenga 1954. Wapo wenye shaka nalo hadi leo, na vipimo vya namna ile havithibitishi mtu mmoja. Ila ni mfano mzuri wa mipaka: umbo la kichwa linarithiwa na ndugu wakafanana. Tundu la risasi halikurithiwa na mtu.

Bomba la Uyole

Wakuu mimi si mtu wa kuandika, nasomaga tu. Nina jambo la kweli. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na miezi. Anasema yeye ni bibi wa Chunya, alikuwa na mbuzi wengi na mwanawe alikwenda mgodini hakurudi. Sisi hatuna ndugu Chunya. Nyumbani wamegawanyika, wengine wanataka mganga, wengine mchungaji. Mwalimu tufanyeje?

Kipanga wa Kalenga

Kwanza mtoto haumwi kwa hilo, msimtishe. Halafu, kabla hamjafanya chochote:

Chukueni daftari. Andikeni anachosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe, na nani alikuwepo. Msimuulize maswali yenye jibu ndani yake. "Mbuzi walikuwa wangapi?" tayari umempa mbuzi. Ukitaka sana kuuliza, sema "enhe?" tu kisha kaa kimya. Msimsimulie mgeni mbele yake. Ulizeni pia dada wa kazi anatoka wapi, majirani wanatoka wapi, na redio inasikilizwa vipindi gani. Chunya na migodi si habari ngeni Uyole, mtoto anaokota maneno mengi kuliko tunavyodhani. Na kuliko yote, msimpeleke Chunya wala msitafute hiyo familia kabla daftari halijakamilika na kusainiwa. Mkishakutana nao, hakuna atakayeweza tena kutenganisha alichokijua mtoto na alichosikia siku hiyo.

Mkifanya hivyo na maneno yakaoana na mtu halisi, nitakuja kwa gharama yangu kuona hilo daftari, na nitaandika hapa hapa nilichokiona.

Bomba la Uyole

Asante mwalimu. Shida ni kwamba mama alishampeleka Chunya juzi Jumamosi. Wamerudi na mbuzi.

Kipanga wa Kalenga

Basi daftari limeshachelewa. Mbuzi dume au jike?

Bomba la Uyole

Jike, ana mimba.